Gia boksi inayogoma asubuhi ya kipupwe: ichunguze kabla hujaishusha

Mtu anaweza kukaa na gari la otomatiki Mtwara mjini miaka kumi asijue kwamba gia boksi yake haipendi baridi. Alipandishe Newala mwezi wa Julai, alilaze nje usiku mmoja, alfajiri atapewa taarifa. Ukungu umeshuka hadi mlangoni, mafuta ya nazi yameganda kwenye chupa, na ukitia D, gia ya kwenda mbele, gari linanyamaza. Moja. Mbili. Tatu. Ndipo linaruka kama mtu aliyemwagiwa maji usingizini.

Mimi nilijifunza haya kwa Carina Ti ya 1998. Nilihamia Newala kutoka mjini mwezi wa Juni, na wiki ya pili tu nikaambiwa niandae pesa ya gia boksi. Gereji niliyokwenda ilishusha sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya gia boksi, ikanionyesha tope la kijivu kwenye sumaku, ikasema klachi zimekwisha. Zilipita wiki tatu, na maneno ya mzee mmoja dereva wa lori, ndipo nikajua kwamba gia boksi ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa kwenye injini, kwenye kifaa kinachoenea kiganjani. Nitakifikia.

Ninayoyaeleza yanahusu otomatiki za Japani za miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000: Carina, Corolla, Mark II, Noah, RAV4 na wenzao. Mifano mingi ni ya Toyota kwa sababu ndizo zilizojaa huku.

Baridi inafanya nini humo ndani

Usiku wa Juni na Julai juu ya uwanda wa Makonde joto hushuka chini ya nyuzi 20. Kwetu hiyo ni baridi ya koti na shuka mbili, lakini magari haya Japani yalikuwa yakiwashwa kwenye theluji. Kwa hiyo ukiambiwa gari limeshindwa na hali ya hewa ya huku, usikubali haraka. Baridi ya kiasi hiki haiharibu gia boksi. Inakufichulia tu kitu ambacho joto la pwani lilikuwa linakifunika.

Gia boksi ya otomatiki haina mtu wa kuikanyagia klachi. Kazi hiyo inafanywa na oili ya ATF, ile ambayo mafundi wengi huiita haidroliki. Pampu huivuta kutoka kwenye sampo kupitia chujio, huisukuma kwenye valvu, na presha yake ndiyo inayobana klachi za ndani. ATF ya magari haya ikiwa na nyuzi 40 ni nzito takriban mara tano kuliko ikiwa na nyuzi 100, na alfajiri ya Newala iko chini sana ya hizo 40. Chujio chenye uchafu kinachopitisha oili ya moto bila taabu kinakabwa na oili ya namna hiyo. Halafu kuna sili za mpira zenye miaka ishirini na zaidi, zimekauka na kusinyaa. Zikiwa baridi zinavujisha presha, zikipata moto zinalainika na kuziba. Ndiyo maana gari linalogoma saa kumi na mbili asubuhi linaweza kutembea vizuri kabisa saa tatu.

Mambo mawili ambayo si ugonjwa

Injini ikiwa baridi, sailensa, yaani mizunguko ya injini usipokanyaga mafuta, hupanda yenyewe, mara nyingi hadi mizunguko 1,200 au 1,500 kwa dakika. Ukitia D wakati huo lazima ligonge. Subiri mshale ushuke chini ya 1,000 ndipo utie gia. Kishindo kikiisha, shukuru. Kikiwa kimepungua tu, kagua mauntingi za injini (vishikio vya mpira vinavyoibeba) kabla ya kitu kingine chochote, maana mpira wake ukikatika hata mguso mdogo unasikika kama nyundo.

La pili ndilo lililonichanganya mimi. Kompyuta ya gari hairuhusu gia ya nne, yaani overdraivu, mpaka maji ya injini yapate moto, kwa Toyota nyingi za wakati ule nyuzi 50 au 60 hivi. Ile klachi inayofunga torki konvata, kile kifaa cha oili kinachounganisha injini na gia boksi, nayo husubiri. Imepangwa hivyo makusudi ili injini ipate moto haraka. Kwa hiyo kilomita za mwanzo gari litalia kwenye gia ya tatu, na hilo halina neno. Anza kuwa na wasiwasi kama baada ya dakika kumi au kumi na tano za kutembea bado linalia.

Asubuhi ya kupima

Jioni ya kuamkia siku hiyo liegeshe mahali pa tambarare, utandike boksi kuukuu chini ya injini na gia boksi. Asubuhi soma matone. ATF ni nyekundu au ya kahawia-nyekundu na inateleza. Oili ya injini ni nyeusi. Maji matupu ya AC yasikusumbue. Weka mawe mbele na nyuma ya matairi, kwani hendibreki za magari yetu tunazijua wenyewe, na hakikisha hakuna mtoto anayepita mbele. Tayarisha daftari na simu yenye saa ya kupimia sekunde. Usiliwashe kwanza eti lipate moto kidogo. Ukifanya hivyo umeufukuza mgonjwa kabla daktari hajafika.

Washa, usikilize. Mlio mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na mizunguko, ambao haukuwepo zamani, ni pampu inayovuta hewa: oili imepungua au chujio limeziba. Sailensa ikitulia, ukiwa umekanyaga breki kisawasawa, toa N (gia huru) tia D na uhesabu mpaka uhisi gari limeshika. Rudisha N, subiri dakika moja, kisha tia R (ya kurudi nyuma) na uhesabu tena. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinataka D ishike chini ya sekunde 1.2 na R chini ya 1.5, lakini hicho ni kipimo cha oili ya moto. Kwa oili iliyolala nje mimi sekunde mbili nazisamehe. Zikizidi tatu naandika.

Rudia mara tatu. Kama ni mara ya kwanza tu ndiyo iliyochelewa na zilizofuata zikawa sawa, huenda oili ilichuruzika usiku kutoka kwenye torki konvata ikarudi kwenye sampo. Kesho yake washa, liache kwenye N dakika nzima, kisha tia D. Likishika papo hapo, umepata jibu: ni uzee unaovumilika, na hiyo dakika moja ndiyo dawa yake.

Sasa endesha taratibu. Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili yasiyofanana. Kuteleza ni pale mshale wa mizunguko unaporuka juu ghafla na gari haliongezi mwendo, kama tairi kwenye mchanga. Kukataa kubadili ni pale gari linapovuta vizuri, lina nguvu, ila linabaki kwenye gia ya chini na kulia. Ukimwambia fundi "gia zinasumbua" kwa yote mawili, umemfungulia mlango wa kubahatisha.

Kuna jaribio dogo ninalolipenda. Ukiwa barabarani kwenye lami, mwendo wa 70 au 80 usiobadilika, bonyeza kitufe cha O/D, yaani overdraivu, kwenye mkono wa gia. Kama gia ya nne ilikuwa imeingia, itatoka na mshale utapanda mizunguko mia kadhaa. Usipotikisika, basi ya nne haikuwepo tangu mwanzo. Carina yangu ilikuwa hivyo asubuhi zote.

Tembea nusu saa, elekea Tandahimba urudi, kisha rudia kila kitu oili ikiwa ya moto. Usiruke sehemu hii, maana jibu lote liko kwenye tofauti kati ya kurasa hizo mbili. Baya likiwa baridi na zuri likiwa moto: fikiria oili, chujio, sili, au mfumo wa joto wa injini. Zuri likiwa baridi na baya likiwa moto ni habari mbaya zaidi, kwa sababu oili imekuwa nyepesi na presha inapotea kwenye pampu au klachi zilizolika. Gari la hivyo litakusumbua zaidi ukishuka Mtwara kuliko ukibaki Newala. Baya wakati wote: anza na kiwango cha oili, kebo na umeme.

Oili: pima kama gari lako linavyotaka

Toyota na Nissan nyingi hupimwa injini ikiwa inaunguruma, lever ikiwa P (ya kuegesha), baada ya kuipitisha polepole kwenye gia zote. Mitsubishi huwekwa N. Honda huzimwa kwanza, ndipo upime mara moja. Dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, ina alama mbili, COOL na HOT. Ile ya HOT ni ya oili yenye nyuzi 70 hadi 80, siyo ya alfajiri. Nimeona mtu akiongeza mpaka HOT asubuhi ya ukungu. Saa sita mchana oili imetanuka, imepigwa ikawa povu, na povu halibani klachi. Akaja kulalamika kwamba sasa linateleza hata mchana.

Futa dipstiki kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu angavu ni njema. Kahawia ni ya zamani. Nyeusi yenye harufu ya klachi ya lori lililokwama mlimani, klachi za ndani zinaungua. Ikiwa na weupe-weupe kama maziwa yaliyotiwa rangi, maji ya rejeta yameingia kwenye gia boksi kupitia kile kipoza oili kilichomo ndani ya rejeta: zima, usiliendeshe tena.

Tope laini la kijivu kwenye sumaku za sampo, lile nililoonyeshwa mimi, ni la kawaida kwa gari lolote lenye umri. Cha kutisha ni vipande vinavyong'aa ambavyo ukivisugua kwa vidole vinachoma.

Aina ya oili soma kwenye dipstiki yenyewe au kitabu. Toyota za mwishoni mwa miaka ya 1990 nyingi hutaka T-IV, zilizofuata WS, na za zamani zaidi Dexron. Ukiona neno CVT (gia boksi ya mkanda, isiyo na gia za kuhesabu), simama: hizo zina oili yake, na ATF ya kawaida itaiua. Kuhusu ule usemi kwamba ukibadilisha oili ya zamani gia boksi inakufa, mimi nasema hivi: kama ni kahawia na gari halitelezi, badilisha bila hofu, ila kwa awamu. Ukifungua nati ya sampo kwenye gari la ukubwa wa Carina hutoka lita 3 hivi, na zaidi ya hizo hubaki ndani. Jaza kiasi kilichotoka, tembea kilomita mia kadhaa, rudia. Kama ni nyeusi na tayari linateleza, oili mpya haitafufua klachi iliyokufa. Weka pesa hiyo kwa kazi kubwa.

Themostati iliyotupwa

Sasa kile kifaa. Yule mzee wa lori alinikuta nimefungua boneti asubuhi, akashika hozi ya juu ya rejeta, akaniambia washa. Dakika tatu baadaye akauweka mkono wangu pale. Hozi ilikuwa vuguvugu. "Hii gari haina themostati," akasema, na wala hakuwa fundi.

Themostati ni mlango wa maji ya injini. Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani tu mpaka yapate moto. Kwa Toyota nyingi za petroli hufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Kwa hiyo kwenye gari lililo sawa, hozi ya juu hubaki baridi kwa dakika nyingi, kisha hugeuka ya moto kwa ghafla. Ikianza kupata uvuguvugu mapema na kupanda kidogokidogo, mlango haupo au umekwama wazi.

Pwani yetu themostati hutolewa sana. Gari likichemka mara moja, fundi anaing'oa, anasema huku ni joto haina kazi. Mtwara mjini hutaona tofauti kubwa, maana hewa yenyewe ni ya moto na foleni ya sokoni inasaidia. Panda Newala alfajiri, upepo wa kipupwe unapiga rejeta, na maji hayafiki kwenye kile kiwango ambacho kompyuta inakisubiri. Haitoi gia ya nne, haifungi torki konvata, inaendelea kumwaga mafuta mengi kana kwamba gari limewashwa sasa hivi. Dereva anasema gia boksi. Gereji inashusha sampo.

Nilinunua themostati mpya, na kabla ya kuifunga nikaijaribu jikoni. Sufuria ya maji kwenye jiko la mkaa, themostati inaning'inia kwa uzi isiguse chini, na uzi wenyewe nimeubana kwenye mlango wake kiasi cha kushikilia. Povu dogodogo likaanza kupanda, mlango ukalegea, themostati ikadondoka kutoka kwenye uzi. Ikikaribia nyuzi 95 iwe imefunguka angalau milimita 8. Isiyofunguka mpaka maji yanatokota, irudishe dukani. Wakati wa kuifunga, ile valvu ndogo inayochezacheza ikae juu ili hewa itoke.

Onyo moja zito: themostati ilitolewa kwa sababu. Kabla ya kuirudisha hakikisha feni inazunguka, rejeta haijaziba na kifuniko chake kinashika presha. Wengi wetu hapa uwandani, kwa shida ya maji tuliyonayo, tunajaza rejeta chochote kilicho kwenye ndoo. Kutu inayotokea ukiipata nusu kikombe usishangae. Osha rejeta, weka kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), ndipo ufunge themostati. Siku za mwanzo mshale wa joto usiutoe machoni. Wangu ulipanda ukatulia katikati, na asubuhi iliyofuata, dakika ya nane, nikahisi gia ya nne ikiingia kwa mara ya kwanza tangu nihamie.

Sensa ya joto la maji inaweza kuleta ugonjwa huohuo hata kama themostati ni nzima: waya ukikatika au plagi ikishika kutu, kompyuta inadanganywa kwamba injini ni baridi. Kwenye magari mapya kidogo yanayokubali mashine ya kupima, soma tu joto la maji moja kwa moja. Msimbo P0128 maana yake ni kwamba injini haipati joto inavyotakiwa.

Kebo na umeme

Toyota nyingi za wakati huo zina kebo nyembamba kutoka kwenye throto (mlango wa hewa ya injini unaofunguka ukikanyaga mafuta) kwenda gia boksi. Ikilegea, gia zinabadilika mapema na kwa uvivu. Ikivutwa sana, zinachelewa na kugonga. Mtu akanyage mafuta mpaka mwisho injini ikiwa imezimwa, uangalie kile kituo cha chuma kwenye kebo: kiwe milimita 0 hadi 1 kutoka mdomo wa kava lake. Ni kazi ya dakika tano, na haina gharama.

Taa ya O/D OFF ikiwakawaka yenyewe, kompyuta imeona hitilafu ya umeme. Kwenye kiboksi cha ukaguzi chini ya boneti unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, funguo ON bila kuwasha, kitufe cha O/D kikiwa kimeruhusu, kisha hesabu mimuliko. 61, yaani mimuliko sita, kituo, kisha mmoja, ni sensa ya mwendo, 62 na 63 ni solenoidi (valvu ndogo za umeme) za kubadili gia, 64 ni ya kufunga torki konvata. Solenoidi hizo zikiwa kwenye baridi ya kawaida hupima omu 11 hadi 15. Kabla ya kununua mpya, chomoa plagi uisafishe. Unyevu wa ukungu na vumbi la barabara za huku hufanya kazi yao. Kosea waya mmoja kwenye kile kiboksi unaweza kuunguza kompyuta, kwa hiyo kama herufi hazisomeki, mwite fundi umeme.

Ikibaki gia boksi yenyewe

Oili ni safi na iko kwenye kiwango, injini inapata moto, kebo imekaa sawa, hakuna msimbo, na bado kila asubuhi inachukua sekunde nne kushika: hapo zimebaki sili, valvu bodi (bamba la valvu zinazogawa oili) au pampu. Hiyo si kazi ya nyumbani. Kabla fundi hajaishusha, mwombe apime presha ya oili kwa geji, baridi na moto. Asiye na geji anakisia. Na wakati unatafuta pesa, tumia dakika moja ya N, usikanyage mafuta kwa nguvu kabla halijapata moto, na ukishuka kwenda Masasi zima O/D ili injini ikusaidie breki.

Siku ya kulipeleka, mpe daftari lako, na umwombe jambo moja ambalo mafundi wengi hawalipendi: liache gari lilale gerejini kwake, aliwashe mwenyewe alfajiri. Likiletwa saa nne jua limeshachoma, atalizungusha mara mbili akwambie halina kitu, na kwa saa hiyo atakuwa anasema kweli.